Ndugu wa Tumbo Moja

Saa moja na robo asubuhi, tramu namba moja,
mji wa Ghent, baridi ya kukata masikio.
Mapajani nimepakata kiboksi cha buluu,
kile cha kubebea bia ufukweni wakati wa kiangazi,
na ndani, juu ya barafu,
kwenye kopo lenye jina langu, Godelieve,
nimebeba choo.

Changu mwenyewe. Cha alfajiri hii.
Kijana wa mbele yangu anauliza kwa adabu kama ni keki.
"Ni ya kaka yangu," nasema.
Sikudanganya sana.

Wannes alikuwa fundi wa saa.
Alishika kwa koleo skrubu ndogo kuliko ufuta,
mimi nikiangusha hata mwiko.
Siku hizi kikombe kinamcheza mkononi,
kinagombana na kisahani chake
mpaka kahawa inapoa.

Daktari Annelore alituchorea nyuma ya bahasha:
huku ubongo, huku utumbo,
na kati yao neva moja ndefu, mzururaji,
inashuka shingoni, inapita moyoni bila kupiga hodi,
mpaka gizani wanakoishi wale wengi,
matrilioni ya bakteria,
wapangaji wanaolipa kodi kwa kazi:
wanachachusha nyuzi za kabichi tuliyoshindwa kuisaga,
wanapika kemikali zao, wanatuma salamu juu.
"Tulidhani ubongo unatoa amri tu," alisema.
"Kumbe barua nyingi zinatoka chini."

Halafu akamuuliza Wannes:
choo kigumu kilianza lini?
Kaka yangu, mzee wa miaka sitini na tisa,
akatazama dirisha kama mtoto aliyekojoa kitandani.
Miaka kumi na miwili
kabla ya kidole cha kwanza kutetemeka.
Miaka kumi na miwili tumbo likipeleka habari,
nasi tukilijibu kwa plamu zilizokaushwa.

Na mimi, ambaye kila nikiwa na hofu nasema nina tumbo joto,
sikuwahi kujiuliza
ni nani aliyekoka moto.

Hatukuwa tunasemezana, nikiri.
Aliuza nyumba ya mama bila kuniambia,
mpaka na sufuria za ukutani.
Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki.
Labda.
Mimi nimepanda tramu na mabichi.

Karatasi ya majaribio ina kurasa kumi na nne.
Ukurasa wa tisa unasema:
nusu ya wagonjwa watapewa cha mchangiaji,
nusu watarudishiwa chao wenyewe,
na hakuna atakayejua, si mgonjwa, si muuguzi,
mpaka mwaka uishe.
Nikamuuliza daktari, basi kitamsaidia?
"Hatujui bado," akasema,
nikampenda kwa neno hilo moja, *bado*.

Hospitalini dirisha la kupokelea ni dogo, kama la posta.
Mwanamke mwenye glavu akapima, akaandika gramu,
akanirudishia kiboksi.
Nilitembea mpaka mto Leie kikiwa kitupu,
nikijihisi mjinga, nikijihisi mwepesi.

Wiki ya sita simu ikalia.
Hakusema habari za mkono. Sikuuliza.
Nilisikia kikombe na kisahani vikisemezana nyuma yake.
"Lieve," akasema, jina ambalo hakuniita
tangu mazishi,
"ule uji wa mtindi wa mama, wa sukari guru,
ulikuwa unapikwaje?"

Wannes hakuwahi kuupenda.
Alikuwa akinisukumia bakuli lake chini ya meza,
nami nalamba mawili.

Huenda ni uzee. Huenda ni upweke tu,
nao una njaa yake.
Huenda ni wangu, wageni wa alfajiri ile,
wameshafika, wanaulizia chakula cha kwao.

"Usiache kukoroga," nikamwambia,
"ukiacha unakatika."
Kimya.
"Mkono wangu," akasema, "haujui kuacha."
Tukacheka mpaka tumbo likauma,
lake au langu.